Zimwi Lenye Sura ya Mjomba

Mwaka 1955 Maurice Sendak, kijana wa Brooklyn aliyekuwa akiishi kwa kuchorea vitabu vya watu wengine, alianza kutunga kitabu chake kuhusu mtoto anayefika nchi ya farasi mwitu. Kazi ilikwama kwa sababu rahisi: farasi walimshinda kuchora. Miaka ilipita. Aliporudi kwenye wazo lile aliwatoa farasi, akaweka viumbe wa ajabu wenye makucha, pembe na macho ya manjano. Sura zao alizipata karibu kabisa, kwa shangazi na wajomba zake, Wayahudi waliohamia kutoka Poland, ambao walikuwa wakija nyumbani kwao siku za Jumapili, wakimfinya mashavu na kumwambia kwamba wangeweza kumla kwa utamu wake. Mtoto aliwatazama kwa karibu mno, akaona meno mabovu na vinyweleo vya puani. Kitabu kilichotokana na hayo, Where the Wild Things Are, kilitoka mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikapewa medali ya Caldecott, tuzo kubwa ya picha za vitabu vya watoto nchini Marekani.

Kisa hicho kina somo kwa kila mchoraji anayetaka kuchora njozi za utotoni. Wengi huanza upande mwingine. Hufungua simu, wakaona joka lililochorwa na mtu wa Seoul au Los Angeles, kisha hulichora joka lile lile kwa rangi nyingine, juu ya mlima ule ule wenye ngome ya mawe. Picha hutoka safi, lakini haina kwao. Mtoto hakuyaota hayo. Mtoto aliota kile alichokiona nusu nusu: kanzu iliyotundikwa nyuma ya mlango, mchakacho wa popo darini, kisima alichokatazwa kukisogelea, jirani asiyeongea na mtu. Njozi yenye nguvu hukua juu ya kitu halisi, na mchoraji anayekijua kitu hicho vizuri ndiye anayeweza kukigeuza mtazamaji akaamini.

Tove Jansson, mchoraji wa Finland, ni ushahidi mwingine. Alipokuwa akisomea sanaa Stockholm aliishi kwa mjomba wake, na mjomba huyo, akitaka kumkomesha tabia ya kudokoa chakula usiku, alimwambia kuwa nyuma ya jiko kuna kiumbe anayewapulizia wezi wa chakula hewa baridi shingoni. Kiumbe huyo alikaa kichwani mwa Jansson miaka mingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alianza kumchora kando ya saini yake katika vibonzo vya jarida la Garm, na mwaka 1945 kikatoka kitabu cha kwanza cha kiumbe huyo, aliyeitwa Moomin. Jiko lilikuwa la kweli, njaa ya usiku ilikuwa ya kweli, mjomba naye alikuwa wa kweli.

Basi mchoraji aanzie wapi? Aanze na karatasi kubwa na penseli, bila rangi, achore ramani ya mahali alipoishi akiwa na umri wa miaka mitano au sita. Aweke mlango, jiko la kuni, choo cha nje, banda la kuku, mwembe, njia ya kwenda dukani. Asijali vipimo. Kumbukumbu ina vipimo vyake, na hivyo ndivyo vinavyotafutwa: choo kilichokuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kitajitokeza mbali sana, kwa sababu usiku kilikuwa mbali sana. Ramani ikishakamilika, atie alama kila mahali palipokuwa na hofu, kila mahali pa kujificha, na kila mahali alipokatazwa kufika. Alama hizo zina thamani kuliko picha elfu za kwenye intaneti. Kila moja ni mlango wa picha.

Kisha ashuke chini. Mtoto wa miaka mitano ana urefu wa takriban sentimita 110, hivyo macho yake yako chini sana kuliko ya mtu mzima. Anaona uvungu wa kitanda, magoti ya watu, upande wa chini wa meza wenye misumari na utando wa buibui. Mchoraji aliyezoea kuchora akiwa amesimama huchora dunia ya mtu mzima na kuweka mtoto ndani yake. Apige magoti sebuleni mwake na simu mkononi, apige picha chache kutoka usawa huo, aone jinsi kabati linavyogeuka mnara na jinsi mbuzi anavyokuwa mnyama mkubwa. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa na hubadilisha kabisa namna ya kupanga picha.

Afrika Mashariki haina upungufu wa viumbe. Pwani kuna chunusi anayevuta waogeleaji, kuna majini wa aina nyingi, kuna mibuyu ambayo watoto hawapiti chini yake saa saba mchana. Bara kuna mazimwi wenye kumeza vijiji vizima. Wamakonde wana mashetani wao, na hapa pana historia ambayo kila mchoraji wa njozi anapaswa kuijua. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani katika uchongaji wa Kimakonde miaka ya 1950: maumbo yaliyopinda, yenye viungo vilivyohamishwa mahali pake, jicho moja hapa na mdomo kule. Baadaye George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, aliwatoa mashetani hao kwenye mpingo akawatia rangi. Alifanya kazi Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, na mpaka alipofariki mwaka 2005 picha zake zilikuwa zimezunguka dunia.

Inafaa kuzitazama picha za Lilanga kwa makini, kwa muda mrefu. Viumbe wake wana masikio makubwa, matumbo ya mviringo, vidole vichache tu mikononi, midomo inayoning'inia. Rangi zimewekwa bapa, kali, zikigusana bila woga: njano na zambarau, nyekundu na samawati. Lakini viumbe hao wanafanya nini? Wanapika, wanacheza ngoma, wanabishana, wanabebana. Wanaishi maisha ya mtaa ambao kila mtu wa Dar es Salaam anautambua. Hapo ndipo mafanikio yake yalipo. Mwili ni wa ajabu, shughuli ni ya kila siku, na mtazamaji anaingia kupitia shughuli kabla hajashtukia mwili. Mchoraji anayeanza ajaribu kanuni hiyo katika picha yake ya kwanza: kiumbe mmoja asiyewezekana, akifanya kazi moja ya kawaida kabisa, mahali panapojulikana. Chunusi anayesubiri zamu ya kuchota maji bombani atamshika mtoto kuliko chunusi anayeunguruma katikati ya mawimbi.

Jambo moja la heshima lisipuuzwe. Baadhi ya viumbe hawa kwa watu wengi si hadithi. Majini ni sehemu ya imani, na mizimu ya ukoo ni sehemu ya ibada. Kabla ya kuchora, mchoraji aulize wazee wa mahali hadithi inakotoka, asikilize inavyosimuliwa, ajue kipi kinatajwa hadharani na kipi hakitajwi. John Kilaka, mchoraji wa Tanzania aliyezaliwa mwaka 1966, amejenga kazi yake juu ya usikivu wa namna hiyo. Husafiri vijijini kuwasikiliza wasimulizi, kisha huzichora hadithi zao kwa mtindo wa Tingatinga, wanyama wakiwa wamevaa nguo za rangi rangi na kushika vyombo vya nyumbani. Vitabu vyake vimechapishwa na Baobab Books ya Basel, Uswisi, na kutafsiriwa katika lugha kadhaa. Hakulazimika kumgeuza sungura wa Kiafrika kuwa wa Ulaya ili asomwe Ulaya.

Sasa kuna swali la michoro ya watoto wenyewe. Wachoraji wengi watu wazima wakitaka kuonyesha utoto hutetemesha mstari makusudi, wakachora kichwa cha duara na mikono ya vijiti. Mtoto huutambua uigizaji huo upesi, na mtu mzima naye huchoka nao. Cha kuchukua kwa mtoto ni namna anavyofikiri kwa picha, na hiyo imechunguzwa kwa kina. Mfaransa Georges-Henri Luquet, katika kitabu chake cha mwaka 1927, alieleza kwamba mtoto mdogo huchora anachokijua badala ya anachokiona. Ndiyo maana anachora nyumba na watu walio ndani wakionekana kupitia ukutani, au mama mjamzito na mtoto akionekana tumboni. Viktor Lowenfeld, katika kitabu cha mwaka 1947 ambacho walimu wa sanaa walikitumia kwa miongo mingi, alionyesha kwamba mtoto hukuza kile kinachomgusa: mkono unaochuma embe huwa mrefu kuliko mwili, na mwalimu mkali huwa mkubwa kuliko shule.

Hizo ni zana, na mchoraji stadi anaweza kuzitumia kwa mkono wake uliokomaa. Ukuta unaoonyesha kilicho ndani unamfaa sana anayechora kichuguu, pango la panya au tumbo la zimwi lililomeza kijiji. Ukubwa unaofuata hisia unamfaa anayechora hofu: mbwa wa jirani achorwe mkubwa kuliko nyumba, lakini kila unywele wake uchorwe kwa mbwa halisi. Mchoraji Paul Klee aliiona thamani hiyo mapema. Mwaka 1902, akiwa kijana, alikuta nyumbani kwa wazazi wake michoro aliyoichora akiwa mtoto, na miaka baadaye alipoanza kuorodhesha kazi zake zote aliingiza baadhi ya michoro hiyo kwenye orodha. Kwa hiyo kama mama au shangazi alihifadhi daftari la darasa la kwanza lenye michoro pembeni, liombwe, lipigwe picha kurasa zote, lirudishwe salama.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi, nayo ni kukifanya kisichokuwapo kionekane kipo. Hapa mwalimu mzuri ni James Gurney wa Marekani, aliyetunga na kuchora Dinotopia, kitabu cha mwaka 1992 kuhusu kisiwa ambako watu wanaishi pamoja na dinosaria. Gurney alikuwa amechora kwa ajili ya jarida la National Geographic, ambako alipaswa kuonyesha miji ya kale isiyokuwapo tena kwa usahihi wa kuridhisha wataalamu. Ujuzi huo aliuhamishia kwenye njozi. Kabla ya kuchora mnyama asiyekuwapo hutengeneza sanamu yake ndogo, huiweka kwenye mwanga, kisha huchora anachokiona. Kivuli kinaangukia wapi, mwanga unapitaje kwenye ngozi nyembamba ya bawa, sehemu gani ya tumbo inapokea mng'ao kutoka ardhini: haya yote sanamu huyajibu bila kubahatisha.

Sanamu ya namna hiyo haihitaji duka la vifaa vya sanaa. Udongo wa mfinyanzi unatosha. Kama haupatikani, gazeti lililolowekwa na kupondwa pamoja na gundi ya unga wa ngano, likajengwa juu ya waya, hukauka likawa gumu. Sanamu ikiwa na urefu wa kiganja inatosha. Iwekwe juu ya kigoda, iwashwe taa moja tu upande mmoja, taa nyingine zote zizimwe. Mchoraji aizunguke akiipiga picha kwa simu, halafu achague pembe inayotisha au inayochekesha zaidi. Ikitokea kiumbe huyo anarudi katika kurasa nyingi, sanamu ndiyo itakayomwokoa asibadilike sura kutoka ukurasa hadi ukurasa, kosa ambalo wahariri hulilalamikia mara kwa mara.

Mwanga wenyewe unastahili kuzungumziwa zaidi, maana ndio uliozaa njozi nyingi za watoto wa huku. Waliokulia vijijini wanakumbuka kibatari, au koroboi kama wanavyokiita Kenya: mwali mmoja mdogo, kuta zilizojaa vivuli vinavyocheza, mkono wa kaka ukigeuka kichwa cha fisi ukutani. Kinachotokea hapo kinaeleweka kwa fizikia, na mchoraji akikielewa atakichora sawasawa. Mwanga wa mwali wa mafuta ya taa una joto la rangi la takriban Kelvini 1,900, wakati mwanga wa mchana uko kwenye 5,500 au zaidi, ndiyo sababu kila kitu karibu na kibatari huonekana cha rangi ya chungwa na samawati karibu hupotea kabisa. Tena mwanga unaotoka kwenye nukta moja hupungua haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaokifikia kitu hubaki robo. Uso wa bibi anayesimulia utang'aa, miguu ya mtoto aliyekaa mkekani itakuwa hafifu, na pembe ya chumba itakuwa giza tupu. Na kitu kikisogea karibu na mwali, kivuli chake ukutani huwa kikubwa ajabu.

Anayechora usiku wa kijijini akapaka chumba chote rangi moja ya samawati, kwa sababu ndivyo filamu zinavyofanya, ameitupa kumbukumbu yake mwenyewe. Achukue chungwa lililokolea kwa kilicho karibu, kahawia ya moto kwa kilicho katikati, na kwa mbali zambarau inayoelekea weusi. Samawati aiache nje ya dirisha, mahali mbalamwezi ilipo. Mpambano huo mdogo kati ya ndani na nje utafanya kazi ambayo mapambo mengi yasingeweza kuifanya.

Hapo tumeingia kwenye rangi, na kuhusu rangi kosa la kawaida ni wingi. Njozi humshawishi mchoraji atumie kila kitu kilichomo kwenye kisanduku. Mwishowe hakuna rangi inayosikika. Gurney, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu rangi na mwanga, anaeleza njia yenye manufaa sana: mchoraji huchukua gurudumu la rangi, hukata pembetatu kwenye karatasi ngumu, huiweka juu ya gurudumu, na rangi zinazoonekana ndani ya pembetatu ndizo pekee anazoruhusiwa kuchanganya kwa picha hiyo. Ukiisogeza pembetatu, hali ya picha nzima hubadilika. Wanaochora kwa kompyuta wanaweza kufanya jambo hilo hilo katika Krita, programu isiyolipiwa, ambayo ina kifaa cha kufunika sehemu ya gurudumu. Wanaotumia rangi ya maji au akriliki wachague rangi tatu na nyeupe, basi. Kijani kinachotokana na njano na samawati za picha ile ile kitakubaliana na vyote vilivyomo. Kijani cha kutoka kwenye chupa mara nyingi hujitenga.

Edward Saidi Tingatinga hakuchagua ufinyu wa rangi kwa kusoma vitabu. Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na alitumia kilichopatikana: vipande vya ubao laini wa dari na rangi ya kung'aa iliyouzwa kwa ajili ya baiskeli. Rangi hiyo haikubali kuchanganywa taratibu kama rangi ya maji. Inakaa bapa, inang'aa, na mipaka yake ni mikali. Kutokana na tabia hiyo ya rangi ulizaliwa mtindo mzima, mnyama mmoja mkubwa akijaza ubao, usuli wa rangi moja, madoadoa yaliyopangwa kwa mpigo. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi, na wanafunzi wake wakauendeleza mtindo huo mpaka leo. Mchoraji asiye na uwezo wa kununua rangi za bei kubwa asione haya. Aijue rangi aliyo nayo, ajue inapenda nini na inakataa nini, kisha apange picha kwa kuifuata.

Kabla ya rangi yoyote, hata hivyo, kuna mwanga na giza. Mchoraji achore picha yake ndogo, ya ukubwa wa kadi ya simu, kwa penseli tu, akitumia hatua tatu: nyeupe, kijivu, nyeusi. Kama kiumbe haonekani hapo, rangi haitamwokoa. Mwenye simu anaweza kuipiga picha ya rangi aliyoimaliza na kuigeuza ya kijivu; nyekundu na kijani alizodhani zinatofautiana sana huenda zikawa kijivu kimoja. Uchunguzi huo ufanywe mapema, wakati bado kuna nafasi ya kubadilisha.

Uchapishaji nao una masharti yake, na mchoraji wa vitabu hawezi kuyakwepa. Arthur Rackham, Mwingereza aliyechora miti yenye nyuso na vibwengo vyembamba, alifanya kazi wakati uchapishaji wa picha kwa rangi tatu ulikuwa mpya. Toleo lake la Peter Pan in Kensington Gardens la mwaka 1906 lilikuwa na picha 50 za rangi. Alichora mistari myembamba ya wino kisha akaifunika kwa rangi za maji zilizopauka, za kahawia na kijivu, zikipitishana. Mashine ilipotia ukungu kwenye rangi, mstari wa wino uliendelea kushika umbo. Leo tatizo lina sura nyingine. Skrini hutoa rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na samawati. Mashine ya uchapaji hutumia wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi. Kijani kinachowaka kwenye tableti na samawati kali ya umeme haviwezi kupatikana kwa wino huo, hutoka vimefifia. Mchoraji aombe karatasi ya majaribio kwa mchapaji kabla ya kumaliza kitabu kizima, na ahifadhi kazi yake kwa nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa halisi wa ukurasa, akiongeza milimita 3 kila upande zitakazokatwa. Sura ya mhusika isiwekwe kabisa katikati ya kurasa mbili, mahali pa mshono, maana itamezwa.

Vitabu vingi vya picha huwa na kurasa 32. Mchoraji akijua hivyo, aandae mpango wa kitabu chote kwenye karatasi moja, kurasa zote zikiwa vijisanduku, kabla hajachora ukurasa hata mmoja wa mwisho. Arudi kwa Sendak aone alivyotumia nafasi. Mwanzoni picha za kitabu chake ni ndogo, zimezungukwa na weupe mpana. Kadiri chumba cha mtoto kinavyogeuka msitu, picha hupanuka. Zinapofika kilele, kwenye ngoma ya viumbe, zinajaza kurasa mbili mbili mara tatu mfululizo bila neno hata moja. Kisha hupungua tena. Maneno ya kitabu kizima ni 338 tu kwa Kiingereza, hivyo ukubwa wa picha ndio unaobeba mwendo wa hadithi. Hilo ni funzo la bure kwa kila anayedhani kwamba kila ukurasa lazima ujazwe kutoka pembe hadi pembe.

Rasimu ikikamilika, isomewe watoto, na si watoto wa nyumbani peke yao, kwa sababu hao watamsifu mzazi. Mwalimu wa chekechea wa karibu mara nyingi hukubali. Mchoraji asiulize kama wameipenda. Watoto wa huku wamefunzwa adabu na watasema ndiyo. Aulize: hapa kuna nini? Huyu anakwenda wapi? Nyuma ya mlango huu kuna nani? Mtoto akianza kusimulia mambo yasiyomo kwenye maandishi, ukurasa umefaulu. Akinyamaza na kufungua unaofuata, ukurasa uangaliwe upya. Na vidole viangaliwe, vinaelekea wapi kwanza. Mara nyingi vinaelekea kwenye kitu kidogo pembeni ambacho mchoraji alikiweka bila kufikiri, na hicho pengine ndicho kilichotoka moja kwa moja kwenye ramani ya utoto wake.

Mwisho kuna makaratasi. Wachoraji wengi wa Afrika Mashariki hupoteza kazi zao hapa, wala si kwa kukosa kipaji. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inachukulia kwamba kazi iliyoagizwa na mtu asiye mwajiri wa msanii huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa makubaliano yaseme vingine. Kwa maneno mengine, mchoraji anayepokea oda kwa ujumbe wa simu, akachora, akalipwa, anaweza kujikuta hana haki ya kumtumia tena kiumbe aliyemtoa kwenye utoto wake mwenyewe. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya nchi hiyo. Popote alipo, mchoraji adai mkataba wa maandishi unaotaja mambo haya waziwazi: ni picha ngapi, kwa toleo gani na lugha zipi, kwa miaka mingapi, nani anabaki na michoro halisi, na nani ana haki ya mhusika iwapo atatengenezewa katuni, fulana au mchezo wa simu. Mchapishaji akisema hana mkataba wa maandishi, mchoraji aandike ukurasa mmoja mwenyewe, wausaini wote wawili.

Kuna pia kazi zinazotolewa kwa leseni huria, kama za African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini na wenye hadithi nyingi kwa Kiswahili. Huko picha zinaweza kutumiwa na kubadilishwa na yeyote anayemtaja mchoraji. Ni njia nzuri ya kuwafikia watoto wasio na vitabu, na mchoraji anayeanza hupata kazi ya kuonyesha. Lakini aamue kwa kujua: kiumbe aliye moyoni mwake, yule wa nyuma ya jiko la bibi, pengine amhifadhi kwa kitabu atakachokimiliki, na kwa leseni huria atoe wengine.

Anayetaka kuvuka mipaka aanze kuandaa picha tano zinazokwenda pamoja, za hadithi moja na mkono mmoja. Hiyo ndiyo idadi inayotakiwa na maonyesho ya wachoraji katika Maonyesho ya Vitabu vya Watoto ya Bologna, Italia, na hata kwa mchapishaji wa Nairobi au Dar es Salaam picha tano zenye uhusiano husema mengi kuliko hamsini zilizotawanyika. Michoro halisi iskaniwe kabla haijatumwa popote. Pwani, ambako unyevu huleta ukungu kwenye karatasi ndani ya msimu mmoja wa masika, ihifadhiwe kwenye jalada lililofungwa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Faida ya kutunza aliijua Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji wa Uingereza: alipotaka kukifanya kitabu kisa cha sungura alichokuwa amemchorea mtoto wa rafiki yake kwenye barua ya mwaka 1893, ilimbidi amwombe mtoto huyo amwazime ile barua ili ainakili. Mtoto alikuwa ameitunza. Mwaka 1901 Potter alichapisha nakala 250 za kwanza kwa fedha zake, na mwaka uliofuata wachapishaji Frederick Warne wakaitoa The Tale of Peter Rabbit kwa rangi.